Tunasema «matter», lakini kwa nani?

Wengi mnanijua kwa maandishi ya maharagi na mbolea. Leo naacha shamba kidogo. Nataka kuchambua neno moja la Kiingereza ambalo limejaa kwenye profili na statuti zetu, neno «matter». Wale waliosoma lugha watanivumilia. Mimi ni mtu wa agronomia, lakini nimezoea kufungua gunia la mbegu na kuangalia kilichomo mbele ya kulipa, na neno nalo naona linaweza kufunguliwa hivyo.

Kila mara vita inapopanda naona picha ileile: weusi nyuma, bendera ya nchi, na maneno matatu, «Congolese Lives Matter». Chini yake mtu mwenye roho nzuri anatia tafsiri: «Maisha ya Wakongomani ni muhimu». Tunabonyeza, tunatia kamoyo kekundu, tunapita. Sina shida na uchungu ulio nyuma ya picha ile, uchungu huo ni wangu pia. Shida yangu iko na kitenzi. Kinaturuhusu kusema kitu kikubwa bila kumtaja hata mtu mmoja ambaye anapaswa kufanya kitu.

Asili yake tuipite haraka. Neno lilitoka kwa Kilatini, materia, likapitia Kifaransa cha zamani. Materia ilikuwa mbao za kujengea, kitu ambacho kitu kingine kinatengenezwa nacho. Sisi wa agronomia tunaishi nalo kila siku: «matière organique» ya udongo, «matière sèche» ya majani ya ng'ombe. Kwa Kiingereza jina hilo lilibeba mengi: kitu, jambo, shida, hata usaha wa kidonda. Kitenzi chenye maana ya «kuwa na uzito» kilikuja nyuma, mwisho wa karne ya 16.

Kwenye sarufi yake ndipo kuna mambo. Kwa Kiswahili, mtu anajali kitu: kuna mwenye kujali, na kuna kinachojaliwa. Kwa Kiingereza, kitu chenyewe ndicho kina-matter, peke yake, sawa vile jua linawaka. Unaweza kuongeza «to me» ao «to us», lakini hakuna anayekulazimisha, sentensi inasimama bila hiyo. Tena hakuna Mwingereza atakuambia kwamba kitu kiko kina-matter sasa hivi, kama unavyosema mtu yuko analima. Ni hali, siyo kazi. Na kuna jambo lingine ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: sikiliza Waingereza wakiongea, ao Waganda wanaofanya biashara na sisi kupitia Bunagana. Kitenzi hiki kinakaa sana kwenye kukana na kuuliza. «It doesn't matter.» «Does it matter?» Ni kitenzi cha kutupa vitu nje ya nyumba kuliko kuviingiza.

Hapo unaelewa kwa nini Wamarekani weusi waligusa dunia nzima. Mwaka 2013, aliyemuua kijana Trayvon Martin huko Florida alipoachiliwa na mahakama, wanawake watatu, Alicia Garza, Patrisse Cullors na Opal Tometi, walianzisha «Black Lives Matter». Walichukua kitenzi kilichozoea kukana, wakakiweka kwenye kukubali, wakafunga na nukta. Sikio lilisikia kitu kigeni ndani ya neno la kila siku. Mimi naona ile ilikuwa kazi nzuri ya lugha, na walijua wanaongea na nani: polisi wao, mahakama yao, majirani wao. «Kwa nani» haikuandikwa lakini kila mtu wa kule aliisoma.

Lakini udhaifu ulijitokeza kule kwao pia. Wengine walijibu, «All Lives Matter», maisha yote. Wakabishana miaka. Je, wa kwanza walisema «ya weusi tu» ao «ya weusi pia»? Maneno yale matatu hayasemi. Kiswahili kingefunga mabishano hayo kwa silabi mbili, nitafika huko.

Kwetu neno lilifika zaidi na mpira. Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis, ligi ya Uingereza iliporudi kutoka Korona, wachezaji walivaa «Black Lives Matter» mgongoni kwa mechi 12 za kwanza. Wengi wetu tuliliona kwa mara ya kwanza pale, kwenye televisheni ya kulipia mia tano. Lakini angalia lilikaa mahali gani: mahali pa majina yao. Ili kusema kwamba maisha yana uzito, walitoa majina ya watu. Sisemi walikosea. Nasema tu picha ile imebaki kwangu.

Turudi kwa tafsiri yetu. «Muhimu» ni neno la kizuri, limetoka Kiarabu, liko kwenye vitabu vyote. Lakini huku kwetu nani analitumia mdomoni? Muhimu ni neno la barua na la semina. «Ni muhimu kunawa mikono.» «Ni muhimu kufika kwa saa.» Ukiandika kwamba maisha ya mtu ni muhimu, umeyaweka kwenye ukuta mmoja na sabuni. Huku tukiwa na haja kweli tunasema «lazima», na tuliigeuza kabisa kutoka ile ya pwani. Mtanzania anasema «lazima niende». Mtu wa Goma anasema «niko na lazima yako», maana yake nakuhitaji, bila wewe haiwezekani. Hapo mnaona watu wawili, mimi na wewe. Neno la semina halina mtu hata mmoja.

Nilipoanza kuorodhesha maneno yetu ya kutafsiri «matter», nilishangaa. Ya kukana tunayo mengi. «Haidhuru»: haileti dhara. «Si neno.» «Si kitu.» «Hakuna shida.» Majirani wetu kwa Kinyarwanda wanasema «ntacyo bitwaye». Na siku hizi vijana wanapenda «haijalishi». Hii ya mwisho inafurahisha, juu Kiswahili kilitaka kumfanyia Mwingereza kazi yake: kikachukua kujali, kikatengeneza kujalisha, sasa kitu ndicho kinafanya mtu ajali. Sawa kabisa na matter. Lakini jaribu kuitoa kwenye kukana. «Hii inajalisha.» Nani anasema hivyo? Ni kama kufuli ambayo inajua kufunga tu. Tuna njia kumi za kusema jambo halina uzito, na ya kusema liko nao hatuna hata kitenzi kimoja chenye kusimama peke yake. Tunapaswa kuzunguka: iko na maana, iko na lazima, iko na faida, iko na uzito. Na kila mara tukisema hivyo, aliye mbele yetu anauliza: kwa nani?

Swali hilo nimelisikia kwa masikio. Kuna wakati nilifanya kazi ya kuuliza maswali vijijini kwa shirika moja, silitaji. Karatasi ilitengenezwa kwa Kiingereza, na swali lake la moyo lilikuwa na matter ndani. Tafsiri: «Kwa kiwango cha 1 mpaka 5, vitu hivi ni muhimu kiasi gani kwako: mbegu, maji, barabara, usalama, shule?» Mpendwa msomaji, nilijaza tano, tano, tano, tano, tano, asubuhi mpaka jioni. Nani atasema maji ni tatu? Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole: «Mwana, unauliza juu mutaleta, ao unauliza tu?» Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua swali liko na mwenyewe ao halina, juu jibu lake lingebadilika. Swali ambalo lingefanya kazi liko rahisi: «Kikiletwa kimoja tu, uchukue kipi, na uache kipi?» Hilo halikuwa kwenye karatasi. Nilisikia kwamba ripoti ilisema wakazi wanaona mahitaji yote ni muhimu sana.

Mtu wa udongo angeweza kuwaambia kwamba swali lenyewe halijakaa vizuri. Tulisoma sheria ya Liebig: mmea haukui kwa kufuata kile kilicho kingi, unakua kwa kufuata kile kinachokosa zaidi. Ukiniuliza kati ya azoti na fosfori nini iko na uzito, siwezi kujibu mpaka uniambie mmea gani na udongo gani. Huku kwetu, chini ya Nyamulagira, udongo wa volkeno unakamata fosfori na kuifungia. Iko, mashine ya laboratwari inaiona, lakini haragi haiipati. Kuwapo ni jambo moja, kumfikia mwenye njaa ni jambo lingine. Basi, nimeshaingia shambani tena, nisamehewe.

Sasa Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya diploma zetu. Wafaransa walitafsiri ule wito kwa «compter»: «La vie des Noirs compte». Kwa maoni yangu tafsiri hii inashinda mama yake, juu compter ni kuwa na uzito na pia ni kuhesabu, moja, mbili, tatu. Na Kiswahili chetu kinaweza kumfuata: «wananihesabu kama mtu bure» inasemwa kila siku, na kanisani mnasikia mtu «kuhesabiwa haki». Kuhesabu ni kutazama kila mmoja na kumpa nafasi yake. Na kitenzi hiki hakikuachi utoroke: kinataka mwenye kuhesabu, kinataka mwenye kuhesabiwa.

Basi tukipime kwa nchi yetu. Sensa ya mwisho ya watu wote Kongo ilifanyika mwaka 1984, nchi ikiitwa Zaïre. Mimi niko na miaka ishirini na kitu, karibu thelathini. Serikali haijanihesabu hata siku moja. Wewe unayesoma hii, kama ulizaliwa baada ya 1984, haujahesabiwa pia. Tunaandika kwa Kiingereza kwamba maisha yetu yanahesabika, lakini kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa maana ya kwanza kabisa ya neno, hayajahesabiwa. Mtu atasema kuna kadi ya kupiga kura. Ndiyo, na tuiangalie basi. Desemba 2018 Tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo, kwa sababu ya Ebola na usalama. Watu wa Beni walikasirika mpaka wakajipangia wenyewe uchaguzi wa mfano tarehe 30 Desemba, wakasimama mistari. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Wao waliitwa kupiga kura tarehe 31 Machi, kuchagua wabunge tu. Hapo ndipo Mwingereza angesema «it didn't matter», na angekuwa sawa kabisa na sarufi yake. Na tarehe 20 Desemba 2023, kwenye teritwari yetu ya Rutshuru na kwa jirani zetu Masisi, uchaguzi haukufanyika kabisa juu ya vita. Nani anakamata barabara leo, wanaoishi hapa wanajua, sina lazima ya kuandika.

Hata wafu wetu. Shirika la IRC lilitangaza mwaka 2008 watu milioni 5.4 kwa vita na matokeo yake kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007. Hawakuhesabu makaburi. Waliuliza familia, wakalinganisha vifo vya kawaida na vile vya ziada, na wengi kati ya wafu wale walikufa kwa malaria, kuhara na njaa, siyo risasi. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya kile kiwango cha «kawaida», na wakishusha mstari wa kuanzia, mamilioni yanayeyuka. Mabishano hayo ni ya haki, ni ya sayansi. Lakini sisi kwenye statuti zetu tunaandika milioni sita, mwingine kumi, mwingine kumi na mbili, hakuna anayeuliza mwenzake ametoa wapi. Naona ni ugonjwa uleule wa matter: namba kubwa isiyo na mwenye kuhesabu. Na Goma, Januari 2025, baada ya siku zile ambazo kila mmoja wetu anazikumbuka, Umoja wa Mataifa ulisema maiti karibu 2,900 mjini. Tarehe 24 Februari huko Geneva, Waziri Mkuu Judith Suminwa alisema zaidi ya 7,000 kwa mashariki yote tangu Januari, na kati yao 2,500 na zaidi walizikwa bila kutambuliwa. Mimi neno linalonikamata koo siyo 7,000. Ni «bila kutambuliwa».

Mtu ataniambia: ndugu, acha sarufi, tunaandika Kiingereza ili wazungu wasikie. Hoja hiyo naiheshimu. Anayenunua simu London ao Chicago hasomi Kiswahili cha Goma. Lakini kama tunaongea naye, tumwite basi. Matter inamruhusu ajibu «yes, they matter» na kuendelea na kahawa yake, na hatakuwa amedanganya. Wachezaji wetu huko Abidjan, tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali na Côte d'Ivoire, walifanya vizuri kuliko sisi wenye lisansi. Wakati wa wimbo wa taifa waliziba mdomo kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono mwingine vikawa bunduki kwenye kichwa. Tulifungwa 1–0, lakini dunia iliuliza maana yake. Ishara ile haikuwa na kitenzi, lakini ilikuwa na watu: anayepiga, anayepigwa, na anayenyamaza. Mwenye kuangalia alijikuta ni mmoja wao.

Na sasa zile silabi mbili nilizoahidi. Watu wetu wakidharauliwa, kwenye kizuizi cha barabara, kwenye mstari wa msaada, hospitalini, hawasemi maisha yetu ni muhimu. Wanasema: «Sisi nasi ni watu.» Ao kwa mdomo wa hapa: «Siye nasi tuko bantu.» Ile «nasi» ndiyo kazi yote. Inasema «pia», siyo «tu», na «All Lives Matter» haina tena mlango wa kuingilia. Inasema pia kuna wengine ambao tayari wanahesabiwa watu, na aliye mbele yangu ni mmoja wao, na ananiona. Kwangu hiyo ndiyo tafsiri ya karibu zaidi ya wale wanawake watatu wa 2013, na haijatoka kwenye kamusi. Imetoka kwa mama anayebishana juu ya nafasi yake kwenye mstari wa unga. Ina upungufu mmoja, nakubali: inasemwa na walio hai. Maiti hawezi kusema «nasi». Kwa hao naona hakuna tafsiri nzuri kuliko jina lake lote, kijiji chake na siku yake.

Ndiyo maana namalizia na ombi kwa komite. Chama chetu kiliweka ile picha nyeusi mara nyingi, na mimi niliibonyeza kama wengine. Lakini orodha yetu ya wanachama ni ile ya mbele ya vita kurudi Rutshuru 2022. Haisemi nani yuko Goma, nani alivuka Uganda, nani hayupo tena. Karatasi na biki zinatosha, kila mmoja achukue kijiji chake na promosheni yake. Mimi nimeanza na wa Kalengera na wa barabara hii mpaka Rutshuru. Kuna majina mawili ya promosheni yangu ambayo simu zao hazipiti tangu mwaka jana. Mwenye habari yao aniandikie pembeni, siyo hapa chini mbele ya watu wote.